Taa ya Tangi la Samaki Imeshikiliwa na Nini?

Barua za wiki hizi zimejaa swali moja: taa ya wati ngapi itawapendezesha samaki. Karibu hakuna anayeuliza taa hiyo itashikiliwa na nini, wala tone la maji linaloteleza juu ya waya wake litaishia wapi. Nimechagua maswali yanayonipa nafasi ya kulirudia hilo, nanyi mtanivumilia.

Fundi, nimenunua tangi. Niweke taa gani? (Msomaji, Mbeya mjini)

Tangi la urefu gani, lenye kina gani, na ndani mna mimea au mawe matupu? Nilikwisha kuomba swali la namna hii lisiletwe tena, kwa kuwa ni sawa na kumuuliza fundi cherehani bei ya suti bila kumwambia mvaaji ni mtoto au mtu mzima. Pima kwanza, kisha uandike.

Nina tangi la sentimita 120 na taa ya LED ya kuning'iniza yenye uzito wa kilo nne. Sebule ina silingi ya jipsamu. Je, ndoano za kukaza kwenye jipsamu zitatosha? (Msomaji, Kihesa, Iringa)

Hazitatosha. Jipsamu ni pambo la dari, na mzigo unabebwa na mbao zilizo juu yake. Pitisha sumaku ndogo polepole chini ya silingi. Itanasa kwenye vichwa vya skrubu vilivyofichwa na rangi, na mstari wa skrubu hizo ndio mstari wa ubao. Ukigundua kwamba silingi imefungwa kwenye fremu nyembamba za bati, basi fundi apande darini, alaze ubao kutoka kenchi hadi kenchi, na ndoano zikazwe humo.

Nasema haya kwa aibu. Katika mwaka wangu wa pili wa kufuga samaki nilikaza ndoano kwenye silingi bodi tupu, nikaivuta kwa mkono mara mbili, nikaridhika. Mvua za Desemba zilipokolea, bati lililokuwa likivuja tone mojamoja liliilainisha ile bodi, na usiku mmoja nikasikia kishindo. Taa ilikuwa imelala juu ya changarawe, na ndoano bado imeng'ang'ania kipande cha bodi kilicholegea kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Nyumba nzima ilikuwa giza, kwa sababu kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampea 30, kilikuwa kimefanya kazi yake. Bila kifaa hicho, mkono niliokuwa nikiupeleka majini ungekutana na volti 230. Asiyekuwa nacho kwenye bodi ya umeme asinunue hata samaki mmoja.

Ukiona dari ni usumbufu, tumia mikono ya chuma ukutani. Kwa kuwa nyumba nyingi za kwetu ni za matofali ya kuchoma, toboa tofali lenyewe, usitoboe kwenye kiungo, hasa pale ambapo mjenzi aliunganisha kwa udongo badala ya saruji.

Soketi yangu iko chini, nyuma ya tangi. Kuna tatizo? (Msomaji, Tukuyu)

Lipo, ikiwa waya unashuka moja kwa moja kutoka kwenye taa hadi kwenye plagi, kwa maana maji hufuata waya kama njia. Uache waya ushuke chini ya usawa wa soketi, ndipo upande kuingia. Tone litadondoka pale chini kwenye mkunjo. Kwa unyevu wa Tukuyu, kagua pia ndoano na minyororo kila baada ya miezi michache, kwa kuwa kutu haipigi hodi.

Nataka kutengeneza kasha la mbao za paini la kufunika tangi, taa ikae ndani yake. Mbao huku kwetu ni nyingi na rahisi. (Msomaji, Mafinga)

Wazo ni zuri, na mtu anayeishi jirani na msitu wa Sao Hill hana sababu ya kununua kasha la plastiki. Hata hivyo, angalia mambo mawili. Mbao zinazotoka mashineni moja kwa moja huwa mbichi, na joto la taa litazipinda hadi kifuniko kisifunge. Zipange kwenye kivuli zikauke kabisa, kisha uzipake vanishi pande zote, hata upande usioonekana.

La pili ni zito zaidi. Usitumie mabaki ya mbao za kenchi zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi. Dawa inayotumika sana kwa kazi hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Mvuke wa tangi huganda kwenye ubao na kurudi majini matone kwa matone, na shaba kidogo tu inatosha kuua konokono na kamba wako. Toboa pia matundu ya hewa nyuma ya kasha, na taa uifunge kwa skrubu. Gundi huachia ikipata joto.

Baridi ya Juni ni kali. Je, balbu kubwa inaweza kupasha maji joto? (Msomaji, Njombe)

Balbu ni ya mwanga. Baridi yenu huuma usiku, nao ndio wakati ambao taa lazima izimwe, kwa sababu samaki hawana kope za kufumba. Nunua hita yenye kidhibiti joto, ukianzia wati moja kwa kila lita; kwa nyumba za Njombe, ongeza.

Nafuga mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Wanahitaji mwanga mkali? (Msomaji, Kyela)

Hawauhitaji. Saa nane kwa siku zinatosha, na mwani ukizidi, inua taa kabla ya kulaumu maji.

Naweza kusafisha kioo taa ikiwa inawaka? (Msomaji, Makambako)

Hapana. Chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi ya kwenye waya hakutoshi.