Fishi zimejaa tiki, lakini kazi ilifanyika?

Jambo dada. Unasema utafiti wenu wa vikundi vya akina mama haukuonyesha tofauti kati ya vijiji vilivyopata mafunzo na visivyopata, ingawa fishi, yaani fomu za kuweka tiki, zinasema kila kikao kilifanyika. Kabla hujaandika kwamba mafunzo hayafai, sikia yaliyonikuta hapa Bukavu.

Nilikuwa msimamizi katika utafiti wa kunawa mikono na kutibu maji, upande wa Kadutu. Mareko wetu, wale wahamasishaji wa afya wa mtaa, walipita nyumba kwa nyumba na kujijazia fishi wenyewe. Fishi safi mno. Siku moja nikakuta nyumba 12, biki moja, tiki zote zimelala upande mmoja, na tarehe hiyo mvua ilipiga toka asubuhi mpaka jioni. Anayeijua miteremko ya Kadutu siku ya mvua ameshaelewa. Reko mwenyewe sikumlaumu sana. Alilipwa kwa idadi ya fishi.

Tukaomba ruhusa kwa wenye nyumba, tukarekodi mazungumzo. Machache tuliyachagua kwa kura, wakayasikiliza watu wawili, kila mmoja peke yake, ndipo wakalinganisha alama. Hapo nilishangaa. Reko mmoja alisoma mwongozo neno kwa neno, mama anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku anasonga bugali. Alama kamili. Mwingine aliruka nusu ya kurasa, akahamia Kimashi, lugha ya hapa kwetu, akamwambia mama atie dawa kwenye bidoni mbele yake. Mama akakosea kipimo, wakarudia. Kwa fishi yetu, huyo ndiye aliyeanguka!

Mtafiti wa afya ya jamii, Penelope Hawe, na wenzake waliliandika jambo hili mwaka 2004: kinachopaswa kubaki kilekile ni kazi ambayo kila sehemu inafanya, sura yake inaweza kufuata mahali. Sisi tulikuwa tunapima sura. Tukaandika fishi upya: mama kujaribu kwa mikono yake hakuguswi, kipimo hakiguswi, lugha na mifano, reko ajipangie. Tulichelewa, lakini. Hayo huamuliwa kabla ya nyumba ya kwanza.

Halafu kuna kutoa, kuna kupokea, kuna kutenda. Reko anaweza kueleza vizuri mama asielewe, au aelewe na sabuni ikose nyumbani. Kwa hiyo tulirudi baadaye bila kutangaza, tukatazama sabuni karibu na choo na kupima klorini ndani ya maji.

Na vijiji visivyopata mafunzo, mlivichunguza? Sisi tulikuta kadi zetu za picha zimebandikwa ukutani kwenye nyumba ambayo haikupaswa kupata chochote. Shemeji ya mwenye nyumba hiyo anakaa avenii ya pili, kwenye mafunzo.

Kwenu kurekodi kumeshapita. Mkiwa na orodha za mahudhurio, anzia hapo: ni mama walewale waliokuja kila kikao, au kila mara wapya?