Kabla hujanunua GPS ya kusakia makasha

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Makambako: "Shikamoo mwalimu. Nimeona picha zako na wanafunzi mkisaka makasha milimani. Na mimi nataka kuanza. Hela ya GPS ya mkononi ninayo, niambie tu ninunue ipi, na kama ya mtumba inafaa." Marahaba, mwanangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe wa kwanza, na wote mnauliza kitu kilekile: mashine. Sijapata hata mmoja wa kuniuliza mwenyekiti wa kitongoji nilimwambia nini.

Kwa wageni wa mambo haya, jiokeshingi ni mchezo wa kuficha na kusaka. Mtu anaficha kopo lenye kijitabu, ndilo tunaloliita kasha, anatoa koodineti zake, yaani namba za latitudo na longitudo za mahali lilipo, wengine wanalifuata kwa GPS, kifaa kinachopokea mawimbi ya satelaiti na kukuonyesha ulipo, wanaandika majina yao ndani na kulirudisha palepale. Kukiwa na vitu vya kubadilishana, ukichukua kimoja unaacha chenye thamani sawa au zaidi. Ulianza Mei 2000. Serikali ya Marekani, wakati wa Rais Bill Clinton, iliacha kuyachafua makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, ambayo hadi hapo yaliweza kumpoteza mtu kwa mita 100 hivi. Siku moja au mbili tu baadaye, tarehe 3, Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akazitangaza koodineti zake kwenye intaneti. Leo makasha yaliyosajiliwa duniani yanapita milioni tatu.

Huku kwetu ni machache mno. Ukifungua ramani ya Geocaching.com, tovuti ya mchezo huu, ukaiweka Ulaya, miji haionekani kwa alama. Ukiisogeza Mbeya, Njombe na Iringa, unaona ramani tupu. Wengi hukata tamaa hapo. Mimi hapo ndipo nilipoanzia, maana nafundisha Jiografia, na nilikuwa nimechoka kuwachorea watoto latitudo ubaoni wakati milima wanaiona dirishani. Tukaacha kusubiri makasha ya wageni, tukaanza kuficha ya kwetu: kundi moja linaficha, jingine linapewa koodineti kwenye karatasi. Hakuna tovuti wala usajili.

Ofisini kwa walimu nilichekwa. Mwenzangu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi ingawa yeye langu hakulihifadhi, alisema mbele ya wote kwamba mtu mzima mwenye ndevu anacheza kombolela na watoto wa watu. Walicheka sana. Nilicheka nao, lakini sijasahau. Watoto waleule sasa ukiwapa ramani ya mtihani wanaisoma kama wanasoma ubao wa matangazo, na huyo mwenzangu amewahi kuja darasani kwangu kuomba nimfafanulie mizani ya ramani. Nilimfafanulia vizuri, kwa upole, na kwa sauti ya kutosha.

Basi twende kwenye lile la mwenyekiti, maana ndilo lililonifunza kazi yenyewe.

Ilikuwa wilaya ya Rungwe, juu ya Tukuyu, kwenye kilima kilichopakana na mashamba ya chai na migomba. Nilishapita kwa mtendaji wa kijiji, nikajieleza, akanikubalia. Jumamosi nikapanda mwenyewe kuficha kopo ili wanafunzi waje baadaye. Kabla sijamaliza kupanga mawe, vijana wakaja na bodaboda mbili, wakazima injini, wakasimama kimya wakinitazama. Mmoja akauliza, "Umeipata?" Nikasema nimepata nini? "Rupia."

Aliyekulia Tukuyu ananielewa. Wajerumani walikuwa na boma pale, mji ukiitwa Neu Langenburg, na hadi leo kuna watu wanaamini kila mlima una sanduku la rupia lililofukiwa na Mjerumani akikimbia vita. Mtu mgeni, peke yake kilimani, mkononi ana kidude chenye kioo, anahesabu hatua na kuinamia mawe: wewe ungefikiri nini? Kama si rupia ni madini, kama si madini ni mambo ya kishirikina. Ruhusa ya mtendaji ilikuwa imebaki ofisini kwa mtendaji. Kitongojini hakuna aliyekuwa na habari.

Nikapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee mmoja mwenye koti zito na fimbo. Nikampa shikamoo, nikakaa nilipoambiwa. Sikumweleza habari za satelaiti. Nililiweka lile kopo mezani na kumwomba alifungue mwenyewe. Lilikuwa kopo la plastiki la mfuniko wa kubana pande nne, lile la kuwekea chakula cha mtoto wa shule. Akafungua kibanio kimoja kimoja, polepole, vijana wote wakiwa wameinama. Ndani: kijitabu cha kurasa chache ndani ya mfuko wa zipu, penseli fupi, gololi tatu, kifungo cha koti na kile kipakiti cha kukausha unyevu kinachokuja na viatu vipya. Akakinusa kipakiti. Akageuza kijitabu akaona hakina kitu. "Sasa nani anaandika humu?" Nikamwambia anayelipata. Akachukua penseli, akaandika jina lake ukurasa wa kwanza, na cheo chake chini, na tarehe. Kisha akawageukia wale vijana: hili kopo liko chini ya ofisi, likipotea mtanieleza ninyi.

Lipo hadi leo. Mengine niliyoyaficha kwa siri, sehemu nzuri zaidi, mengi yamebebwa.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya mashine ni salamu. Usiishie kwa mtendaji, shuka hadi kitongoji, umwone na mwenye shamba la jirani. Ndani ya hifadhi kama Kitulo usifiche kitu bila idhini ya wenye hifadhi, na kiingilio ulipe kama wengine. Usitumie kasha la chuma la risasi, ingawa wenzetu wa Marekani wanalipenda, wala usivae nguo zinazofanana na za jeshi eti uonekane mtu wa porini. Usifiche karibu na minara, madaraja, shule za watu au makaburi. Chakula usiweke, siafu watakuwa wa kwanza kusaini. Na usalimie. Nimeshasema, narudia.

Sasa mashine.

Anza na simu uliyonayo. Watu wengi wanaamini GPS inakula bando. Haili. Simu inapokea mawimbi ya satelaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na inahitaji kuziona angalau nne kwa wakati mmoja ili ijue ilipo na kimo chake. Kinachokula bando ni picha ya ramani, ambayo unaweza kuipakua ukiwa nyumbani. Mtandao unaisaidia simu kujipata haraka, basi. Ukiwa nje ya minara itachukua muda zaidi lakini itajipata. Ukishasaka na simu miezi kadhaa ukaona bado unaupenda mchezo, hapo hela yako itoke.

Shida ya simu huku Nyanda za Juu ni baridi na maji. Nenda uwanda wa Kitulo mwezi wa sita, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, vidole vimekufa ganzi, kioo kina matone ya ukungu, unagusa hapa kinafungua pale. Chaji inashuka ukiiona, na pa kuchomeka hakuna. Ndiyo maana ushauri wangu hauyumbi: kifaa chenye vitufe vya kubonyeza na betri za AA, basi. Vya kioo cha kugusa waachie wanaotembea kwenye jua.

Mimi natumia Garmin eTrex. Silipwi na mtu kusema hivyo. Kwenye ukoo huo eTrex 10 ni mojawapo ya zile za chini: kioo cha rangi moja, ramani ya kuongeza haipokei, lakini makasha inayasaka sawasawa na betri mbili zinakwenda saa 25 hivi kwa hesabu ya kiwanda. Kwa mwanafunzi inatosha kabisa. Ukipanda unakuta 22x na 32x, zenye kioo cha rangi na nafasi ya kadi ya kumbukumbu, ambamo unaweza kuingiza ramani za bure za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea. Njia nyingi za vijijini kwetu zimo humo.

Tofauti ya 22x na 32x wauzaji huieleza kwa kimo cha mlima, kwamba 32x inapima kwa mgandamizo wa hewa. Kwa msaka makasha hilo si kubwa. Kubwa ni dira. 22x haina dira ya ndani, mshale wake unajua uelekeo ukiwa unatembea tu. Ukisimama, unapotea. Na mwisho wa msako wote ni kusimama! Umebakiza mita sita, unageuka kuangalia chini ya jiwe, mshale unaelekea bondeni. Unapiga hatua mbili, inasoma mita tisa. Unarudi, mita nne. 32x ina dira ya kweli, ukisimama inaendelea kuonyesha, ila uipange upya kila ukibadilisha betri. Mwenye 22x aende mbele na kurudi akitoka pande tofauti, halafu aangalie pale mishale inapokutana.

Zipo GPSMAP, zenye antena nene iliyochomoza juu. GPSMAP 65 inapokea mawimbi ya satelaiti kwa masafa mawili, na chini ya miti mikubwa kama ya Mlima Rungwe au kwenye mianzi ya njia ya Ziwa Ngozi inatulia kuliko zangu. Ni nzito na ni ghali. Anayeanza haimhusu. Kifaa chochote cha mkononi, hata hicho, usikitegemee kukuweka juu ya kopo. Penye uwazi kinakufikisha mita tatu hadi tano, kilichobaki ni macho yako.

Mipangilio ndiyo inayowapoteza watu wengi zaidi. Koodineti za makasha huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali, mfano S 08° 54.321. Kundi langu moja liliwahi kuichapa kwenye simu kama 8.54321, wakaniambia kwa uhakika kabisa kwamba kopo liko Chunya. Lilikuwa nyuma ya bweni. Digrii moja ni kilomita 111 hivi, dakika moja ni kilomita 1.85, kwa hiyo kosa kama hilo linakuhamisha kilomita 40. Pili, ramani za karatasi za Tanzania za zamani zimechorwa kwa kipimo cha msingi kiitwacho Arc 1960, kifaa chako kinatumia kingine, WGS 84. Ukichanganya unakosea kama mita 300. Na kama utatumia UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita badala ya digrii, kuanzia Mbeya hadi mjini Iringa tuko kanda ya 36 kusini, wakati Morogoro na Dar es Salaam ni ya 37. Kifaa kilichokuwa kwa mtu wa pwani, kikague hapo kwanza. Ile huduma ya kusahihisha ya WAAS na EGNOS izime tu, ni ya Marekani Kaskazini na Ulaya, huku unachosha betri.

Betri nazo: zile za bei rahisi za redio unazozikuta zimepangwa mezani sokoni Mwanjelwa, Mbeya, usizipandishe mlimani. Tafuta za alkalaini, au za kuchaji, halafu uingie kwenye menyu ukiambie kifaa ni aina gani umeweka, la sivyo alama ya chaji itakudanganya.

Kuhusu mtumba, inafaa. Fungua mfuniko wa betri uangalie vile vibati vya ndani. Ukiona kutu ya kijani, mtu aliacha betri zikavuja humo. Bonyeza kila kitufe, raba ikiwa imepasuka maji ya Tukuyu yataingia msimu huohuo. Ulizia waya wake, maana eTrex nyingi za mtumba hazitumii waya wa simu za sasa, zinatumia ule wa kamera za zamani. Kisha mwombe muuzaji mtoke nje, penye anga wazi, mkiwashe. Kilicholala muda mrefu au kilichotoka nchi nyingine kinaweza kuhitaji dakika kadhaa kujipata, kwa sababu orodha kamili ya satelaiti huchukua dakika 12 na nusu kutumwa angani. Usikubali "ndani hapa huwa haishiki, ukifika kwako itashika." Muuzaji asiyeweza kusimama nawe robo saa barabarani, mwachie GPS yake.