Unaetafuta nyumba Unguja kwa mara ya kwanza, soma kabla hujatoa arbuni

Wenzangu mnaoanza kutafuta nyumba ya kununua, mie nimezunguka na madalali karibu miaka mitatu na nakwambieni, kuta na mapaa yaangalieni baadae, mwanzo ulizeni nyumba ya nani, na msikubali jawabu ya mtu mmoja.

Ya kwanza kuitaka ilikuwa Mji Mkongwe, upande wa Kiponda, bei nzuri khasa. Juu kuna chumba kina kufuli limeshika kutu mpaka tundu la ufunguo halionekani, dalali akanambia hiyo stoo tu, wenyewe watatoa vitu vyao, na mie kwa pupa nikatoa arbuni milioni 2. Kumbe si stoo, ni fungu la shangazi yao yupo Maskati, waligawana vyumba tangu babu yao alipofariki, na chumba chenyewe kimekaa juu ya jiko la nyumba ya jirani, yani ukisimama uani kwako hukioni kabisa! Warithi 9, wanane wametia saini, shangazi hataki kuuza na ana haki yake. Arbuni mpaka leo nimerejeshewa nusu.

Sasa nyumba ya urithi naomba karatasi za mirathi na nahesabu majina moja moja, mke ana thumuni yake, yani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, mtoto wa kike nusu ya nduguye wa kiume, hata mwenye fungu dogo asiposaini hujanunua kitu. Na fika Kamisheni ya Wakfu uulize, maana Mji Mkongwe nyumba za wakfu, yani zilizotolewa kwa ajili ya Mungu, ni nyingi na hizo haziuzwi hata wakubali wote.

Ukenda mashamba nako kuna yake. Ardhi Zanzibar ni ya serikali, ndo ilivyo tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, wewe unapata haki ya kuitumia, na miti inaweza kuwa na mwenyewe mwengine. Ndugu yangu kanunua kiwanja Fuoni, karatasi kwa sheha, kiongozi wa mtaa, zipo, asubuhi moja mzee kaja na panga na kamba begani, kapiga hodi kwa adabu, "mwanangu nimekuja kuangua nazi zetu." Minazi mitatu ya mama yake. Ikabidi ilipiwe mbali, na kwa kweli mzee hakukosea, aliyeuza ndo aliyeficha.

Kuhusu jengo sina mengi. Nyumba za mawe na chokaa nenda ukazitazame wakati wa masika, tafuta pale boriti inapoingia ukutani, ichome kwa ncha ya kisu, ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha ondoka. Ukiona ukuta umepigwa plasta ya saruji juu ya chokaa jua unyevu umefungiwa ndani. Vyumba ni vyembamba kwa sababu ya urefu wa boriti, kapime kitanda chako kabla. Na Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, hata dirisha hubadilishi bila kibali.

Mie alhamdulillahi nimepata Kwarara, vyumba vitatu. Choo kimeelekea kibla, fundi kanambia kukigeuza siku mbili tu, lakini warithi wote wanne walikuja wenyewe, wakakaa ukumbini na vitambulisho vyao mkononi, wakasaini sheha akiwepo.