Kuigeuza Pikapu ya Magurudumu Mawili Ivute kwa Manne: Ushauri kwa Anayeanza

Karibu kila anayenijia akitaka pikapu yake inayovuta kwa magurudumu ya nyuma ianze kuvuta kwa yote manne huuliza kwanza ekseli ya mbele ataitoa wapi. Swali hilo lina mahali pake, lakini mahali penyewe si mwanzoni. Ekseli ni pande la chuma linaloonekana, kwa hiyo akili hulikimbilia, ilhali ugumu wa kazi umo katika mambo ambayo mtu aliyesimama kando ya gari hayaoni: uwiano wa meno ya difu (sanduku la gia lililo kwenye ekseli), pembe za propela (shafti inayopeleka mzunguko kwenye difu), urefu wa giaboksi na umbo la chesisi (fremu inayobeba gari). Anayeanza akilielewa hilo atatumia wiki ya kwanza kupima, na mashine ya kuchomea ataiacha pembeni mpaka vipimo vikamilike.

Kabla hata ya kupima, jiulize kama unaihitaji kazi hii. Pikapu nyingi hukwama kwa sababu difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa magurudumu yake mawili, na kwa hiyo gurudumu lililo kwenye utelezi ndilo linaloamua lenzake litasukuma kwa nguvu kiasi gani. Difu ya nyuma yenye loki, yaani kifungo kinachoyalazimisha magurudumu yake mawili kuzunguka pamoja, matairi yenye meno ya kutosha na mzigo kidogo juu ya ekseli ya nyuma huitoa gari mahali pengi ambapo mwenyewe aliamini pasingepitika bila magurudumu manne. Nimewahi kumrudisha mwenye gari nyumbani kwa ushauri huo, nikakosa kazi, na bado naona nilifanya sawa. Lakini kama njia zako ni za mawe, mchanga mzito au milima yenye tope, ambako magurudumu ya mbele yasiyovuta hugeuka kuwa kabari, basi endelea.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: tafuta gari zima la spea, la aina ileile na miaka ileile, lililotoka kiwandani likiwa na magurudumu manne, hata kama bodi yake imeharibika. Usinunue ekseli leo, transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) mwezi ujao na propela mwaka kesho. Gari zima linakupa vile vidude vidogo ambavyo hakuna auzaye peke yake: mabano, mauntingi, waya, fimbo ya kubadilishia transfa, kifuniko cha sakafu, na zaidi ya yote linakupa mfano wa kupima. Katika pikapu nyingi tofauti kati ya aina hizi mbili huanzia kwenye chesisi. Hilux ya magurudumu manne iliyoanza kutengenezwa mwaka 1979 ilikuwa na ekseli nzima mbele, iliyokaa juu ya springi za vyuma bapa, ilhali ile ya magurudumu mawili ilikuwa na mikono inayojitegemea kila upande. Ford nazo zilitumia mihimili miwili inayojitegemea kwenye pikapu za magurudumu mawili tangu mwaka 1965, mtindo ambao hauachi nafasi ya difu katikati. Ukilinganisha chesisi mbili zikiwa ubavu kwa ubavu, mara nyingine utagundua kwamba ni rahisi zaidi kuhamisha bodi na injini yako kwenda kwenye chesisi ya gari la spea kuliko kuhamisha kila kitu kutoka huko. Watu huliona jambo hilo kama kushindwa, lakini mimi naliona kuwa njia fupi na salama zaidi.

Sasa nije kwenye difu, mahali nilipojifunza kwa hasara. Katika gari langu la kwanza la namna hii niliamini kibati kilichokuwa kwenye ekseli ya mbele niliyoinunua, kilichoonyesha uwiano wa 4.10 kama wa nyuma, yaani propela huzunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu. Gari lilikwenda vizuri kwa magurudumu mawili. Nilipoingiza manne kwenye njia kavu, usukani ulikuwa mzito, matairi yakalia kwenye kona ndogo, na nilipotaka kutoa transfa fimbo ilikataa kama iliyochomewa. Nilirudi nyuma mita kadhaa ndipo ikaachia kwa kishindo. Nilipofungua difu ya mbele nilikuta fundi fulani kabla yangu alishabadilisha meno, na uwiano ulikuwa 4.30. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini maana yake ni kwamba kwa kila mita 100 ambazo magurudumu ya nyuma yanakwenda, ya mbele yanataka kwenda mita 95 na kidogo. Mita hizo karibu tano lazima ziende mahali fulani: ama tairi liteleze, ama chuma kijisokote.

Tangu siku hiyo sikiamini kibati. Weka vizuizi kwenye magurudumu, weka gia huru, kisha inua gurudumu moja tu la ekseli unayoipima, lile lingine likiwa limekaa chini imara. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Kwa kuwa gurudumu moja limezuiwa, mizunguko miwili ya lile lililoinuliwa ni sawa na mzunguko mmoja wa gia kubwa iliyo ndani ya difu. Zungusha tairi mara 20 huku mwenzako akihesabu propela: akipata 41, uwiano ni 4.10, akipata 43, ni 4.30. Mizunguko miwili pekee haitoshi, kwa sababu jicho haliwezi kutofautisha nne na moja ya kumi na nne na tatu za kumi. Njia hii haifai kwa difu yenye loki. Hiyo iinue magurudumu yote mawili na uhesabu mzunguko kwa mzunguko. Uwiano ukishalingana mbele na nyuma, hakikisha matairi nayo yanalingana kwa kimo, maana tairi jipya mbele na lililokwisha nyuma hurudisha tatizo lilelile kwa mlango mwingine.

Transfa ndiyo inayopokea nguvu kutoka kwenye giaboksi na kuzigawa mbele na nyuma, na nyingi kati ya hizi za kuingiza kwa fimbo hazina difu ndani, kwa hiyo zikiingizwa hufunga ekseli zote mbili zizunguke pamoja. Ndiyo sababu hazitumiki kwenye lami kavu hata uwiano ukiwa sawa, kwani kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu zaidi. Faida yake nyingine ni gia ya chini, ile ya ziada ndani ya transfa inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Gia ya kwanza yenye uwiano wa 4, ikizidishwa kwa difu ya 4.10, hutoa 16.4, ukipitisha kwenye gia ya chini ya 2.28, kama ile ya transfa za zamani za Toyota, unapata zaidi ya 37. Gari hutambaa juu ya mawe bila klachi kuteseka.

Ugumu wa transfa uko kwenye namna ya kuifunga. Giaboksi ya magurudumu mawili huwa na mkia mrefu nyuma, na transfa haiwezi kuungwa hapo. Una njia tatu: kubadilisha giaboksi nzima na kuweka ile ya gari la spea, kuifungua giaboksi yako mpaka shafti ya mwisho na kuibadilisha, au kutumia transfa inayokaa peke yake katikati ya chesisi na kuunganishwa kwa propela fupi. Kwa anayeanza nashauri ya kwanza bila kusita. Angalia pia mahali pa kutokea propela ya mbele, kama ni kulia au kushoto, kwa sababu lazima palingane na upande ilipo difu ya mbele. Nimeona transfa nzuri ikinunuliwa na kubaki kibandani kama pambo kwa sababu ya kosa hilo moja.

Propela zinahitaji uvumilivu kuliko nguvu. Krosi moja (kiungo kinachonyumbuka kwenye ncha ya propela) ikifanya kazi kwa pembe haizungushi kwa mwendo ulio sawa. Katika pembe ya nyuzi 30 mwendo wa upande wa pili hupungua kwa asilimia 13 na kupanda kwa asilimia 15, mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili ndiyo inayosawazisha, nayo hufanya hivyo tu ikiwa uma za ncha mbili za propela zimelala katika usawa mmoja na pembe za juu na chini zinalingana. Ndiyo maana ekseli ya mbele haichomewi mabano mpaka gari likae kwa uzito wake wote, injini ikiwa ndani. Ukiizungusha ekseli ili pinioni, gia ndogo ya difu inayopokea propela, itazame juu kuelekea transfa, unaharibu mlalo wa nguzo ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, na gari litakosa kujirudisha katikati baada ya kona. Baina ya hayo mawili, mimi hulinda usukani kwanza, kisha natafuta propela ya kuvumilia pembe iliyobaki. Pima urefu wake springi zikiwa zimebanwa kabisa na tena zikiwa zimening'inia, maana propela iliyo ndefu kupita kiasi huisukuma transfa mpaka ganda lake lipasuke.

Kuhusu mengine nitasema kwa kifupi. Sampu ya injini, yaani bakuli la oili lililo chini yake, mara nyingi hugonga difu ya mbele, na ukiibadilisha, badilisha pamoja na bomba la kunyonyea oili lililo ndani yake. Egzosi husahauliwa na kila mtu mpaka propela ya mbele inapoigusa. Mabomba ya breki yanayonyumbuka yawe marefu ya kutosha kwa kimo kipya. Spidi mita huenda ikahitaji kupokea mzunguko wake kutoka kwenye transfa badala ya giaboksi. Unapochomea chesisi, chomoa kwanza waya za betri na za altaneta, na usichomee mstari unaokata boriti wima kutoka juu hadi chini, kwa sababu hapo ndipo itakapokatika. Kwenye magari mapya yenye kompyuta inayosimamia breki na mwendo wa kila gurudumu, kazi ya waya inaweza kuzidi kazi ya vyuma, na anayeanza asiyaguse. Pia zungumza na wakaguzi wa magari na kampuni ya bima yako kabla ya kukata chochote, si baada.

Kazi ikiisha, usilipeleke gari barabarani siku hiyo. Liweke juu ya stendi nne imara, magurudumu yote hewani, weka oili zinazotakiwa, ukikumbuka kwamba baadhi ya transfa za mnyororo hutumia oili ya giaboksi ya otomatiki na za meno mara nyingi hutumia oili nzito ya gia. Washa, ingiza gia ya kwanza na usikilize ukiwa mbali na propela. Kisha lijaribu kwenye udongo mlaini, kwa magurudumu manne, ukikata kona pande zote mbili. Mimi huchora mstari wa rangi kwenye kila boliti niliyoikaza, kutoka kichwani mpaka kwenye chuma kilicho chini yake, kisha hulala tena chini ya gari baada ya kilomita 100 na baada ya 500. Katika gari la mwisho, boliti mbili za bano la springi, upande wa kushoto, mistari yao ilikuwa imeachana kwa upana wa kucha.