Maswali ya Wasomaji: Laini ipi ya bomba ndo nyeti?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni injinia kijana, nina mwaka wa pili kazini. Kiwanda chetu cha sukari kinaongezewa boila na nimepewa orodha ya laini kama 200 hivi, nichague zipi ni nyeti zipigiwe hesabu za stresi (jinsi chuma cha bomba kinavyovutwa na kubanwa) kwenye kompyuta na zipi ziachwe. Bosi kaniambia angalia ukubwa wa bomba na presha basi, yale manene yenye presha kubwa ndo nyeti. Roho yangu inasita. Nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Roho yako iko sahihi, usiinyamazishe. Presha ni muhimu ila presha unaimaliza kwa unene wa bomba, ni hesabu fupi tu unaipiga kwenye karatasi, unachagua skejuli (namba ya unene wa ukuta wa bomba) umemaliza. Kinachofanya laini iwe nyeti mara nyingi ni joto, na kile ambacho laini imeshikamana nacho.

Chukua bomba la chuma la kawaida. Kila mita moja inarefuka kama 0.012 mm kwa kila digrii moja ya joto, unaona ni kitu kidogo sana, lakini stimu yako ni digrii 180, siku mlipofunga bomba kulikuwa na 30, na laini ina mita 30 zilizonyooka: hapo bomba limerefuka 54 mm, yaani upana wa vidole vitatu. Chuma hakibembelezwi, kitarefuka tu, na kisipopewa nafasi kitasukuma kilicho mbele yake. Ukifika Olkaria, kwenye vituo vya umeme wa mvuke wa ardhini kule Naivasha, Kenya, utaona mabomba ya stimu kila baada ya umbali fulani yanapanda juu, yanavuka, yanashuka tena kama goli la mpira, wageni wengi wanadhani ni la kupitisha magari au wanyama kumbe kazi yake kubwa ni kumeza huo mrefuko. Na ubaridi ni hivohivo, laini za amonia za vyumba vya barafu zinafupika badala ya kurefuka, usiziache kwa sababu tu hazichomi mkono.

Sasa swali la kwanza kwa kila laini liwe hili: inaishia wapi? Ikiishia kwenye tangi nene au boila, sawa, kuna uvumilivu kidogo. Ikiishia kwenye pampu, kompresa au tabaini, iweke kwenye orodha hata kama ni ya inchi 3, maana mashine inayozunguka haitaki kusukumwa kabisa. Standadi ya pampu iitwayo API 610 ina jedwali zima la nguvu ambayo nozeli ya pampu (mdomo unapofungwa bomba) inaruhusiwa kubeba, na ukilisoma utashangaa ni ndogo kiasi gani ukilinganisha na nguvu ya bomba lenye moto.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Kiwanda kimoja nilichofanya kazi, pampu ya maji ya boila ilikuwa inakula sili (kizuizi cha kuvuja kwenye shafti), tukibadilisha leo baada ya wiki chache inavuja tena, mafundi wakalaumiwa eti hawajui alaimenti, yaani kunyoosha pampu na mota zikae mstari mmoja, mmoja alikaribia kufukuzwa kazi. Laini ile ilikuwa inchi 4, haikuwa kwenye orodha ya nyeti kwa sababu ni "ndogo". Siku moja tukaweka dayal geji (saa ya kupimia msogeo mdogo) kwenye kapulingi, kiungo cha pampu na mota, tukaanza kulegeza boliti za flanji ya pampu moja moja, mshale ukaanza kutembea, boliti ya mwisho ilipotoka bomba likaruka pembeni karibu sentimita mbili. Pale mshale unatakiwa usisogee zaidi ya 0.05 mm. Mafundi hawakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la ofisini, na liliniuma sana kwa sababu yule fundi alikuwa ameshaanza kuamini kwamba kweli hajui kazi.

Baada ya hapo pitia haya mengine haraka: laini za valvu za usalama, maana valvu ikifunguka stimu inatoka kwa nguvu na bomba linapigwa teke upande wa pili, laini zenye mchanganyiko wa maji na mvuke, laini za stimu zinazoweza kukusanya maji zikapigwa nyundo ya maji (maji yanayosukumwa kwa kasi yakagonga bomba kwa kishindo), laini zinazopashwa moto na kupozwa kila siku, na laini yoyote yenye belosi, kile kipande chenye mikunjo kinachonyumbulika. Belosi zisikupe usingizi mzuri.

Na usisahau laini za muda. Flixborough, Uingereza, tarehe 1 Juni 1974, kiwanda cha kemikali kililipuka watu 28 wakafa. Kulikuwa na mitungi sita mikubwa ya kuchanganyia kemikali iliyopangwa mfululizo, wa tano ulikuwa umepata ufa, wakautoa wakaunganisha wa nne na wa sita kwa bomba la inchi 20 lenye mkunjo, belosi huku na huku, likakalishwa juu ya skafoldi. Mchoro wake ulikuwa wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Hakuna aliyepiga hesabu ya jinsi presha itakavyolipinda lile bomba kwenye ule mkunjo, na hapa ndo naona hata mimi niliyesema presha inamalizwa na unene lazima niongeze kwamba kwenye belosi presha inasukuma bomba zima, sio ukuta tu.

Kuhusu kompyuta, sio laini zote 200 ziingie. Kanuni ya mabomba ya viwandani iitwayo ASME B31.3 inaruhusu laini isipigiwe hesabu rasmi kama inafanana na nyingine iliyofanya kazi vizuri, au ukiweza kuonyesha kwa kulinganisha na zilizopigiwa hesabu kwamba inatosha. Ila haikupi orodha ya nyeti, hiyo unaiandika wewe na timu yako. Kwa hiyo mbele ya kila laini unayoiacha andika sababu kwa maneno, na bosi wako aisaini. Akisita kusaini, mrudi wote wawili kwenye droingi.

SWALI: Sisi kiwanda kilishajengwa zamani, orodha ya laini nyeti tumeirithi. Tunaitumia hiyohiyo kupanga ukaguzi wa unene wa mabomba. Inatosha? (Fundi, Mombasa)

JIBU: Haitoshi ndugu yangu. Ile ni ya stresi, wewe unatafuta kuliwa kwa chuma, ni vitu viwili tofauti. Kituo cha nyuklia cha Mihama, Japani, tarehe 9 Agosti 2004, bomba la maji ya moto lenye upana wa sentimita 56 lilipasuka, wafanyakazi 5 wakafa kwa mvuke. Ukuta uliokuwa milimita 10 ulibaki chini ya 2. Lilifanya kazi tangu 1976 na sehemu ile haikuwahi kupimwa hata mara moja, ilikuwa imerukwa kwenye orodha ya ukaguzi.

Pale palipopasuka ni mbele kidogo ya orifisi (sahani yenye tundu) ya kupimia mtiririko, upande ule maji yanakoelekea. Kwa hiyo chukua droingi zako, tembea nazo kiwandani, weka alama ya chaki mbele ya kila orifisi, mbele ya kila valvu inayofanya kazi ikiwa nusu wazi, na kwenye elbo za kwanza baada ya pampu za maji ya boila. Anza kupima hizo wiki hii, hasa mgongo wa nje wa elbo.