Jibu: Wahamiaji wasio na vibali Marekani wanaishi wapi siku hizi?

Ndugu, umeuliza kama wengi wao bado ni Wameksiko wa California. Picha hiyo imepitwa na wakati. Mwaka 2007 Wameksiko walikuwa zaidi ya nusu, karibu milioni 7. Baadaye wakapungua sana, huku watu wa Venezuela, Guatemala, Honduras na India wakiongezeka. California bado inaongoza, ila Texas inaikaribia. Usiisahau Georgia: mjini Dalton, viwanda vya mazulia vilivuta wahamiaji wengi tangu miaka ya 1990. Mtu huenda aliko binamu yake, penye kazi na chumba cha kuanzia. Wengi wamekaa zaidi ya miaka 10, wana watoto raia. Inaniuma wakiitwa wapita njia.