Bodi imepitisha, lakini kaunti je?

SWALI: Shikamoo mzee. Nalima mahindi na muhogo Kakuyuni, chini ya mikorosho ya marehemu baba. Jirani ameuza shamba lake, na sorovea ameshapiga bikoni (alama za mipaka) za ploti, futi 50 kwa 100. Broka anasema bodi ya ardhi imepitisha, kwa hivyo sina langu. Ni kweli?
Mkulima, Kakuyuni

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo broka kakupa nusu ya habari, ile nusu inayomlipa.

Bodi ya ardhi huidhinisha kuuza na kugawa shamba. Haimpi mtu ruhusa ya kujenga mtaa. Tena Sheria ya Udhibiti wa Ardhi yenyewe inaitaka bodi ikatae ugawaji unaoelekea kupunguza mazao. Ekari ikishakatwa ploti nane, sijui ni mazao gani yaliyotarajiwa hapo, labda majani ya ua.

Kugeuza shamba kuwa makazi ni kubadilisha matumizi ya ardhi, na kwa sheria ya mipango ya mwaka 2019 ruhusa hutoka kaunti, yaani Kilifi. Mwombaji analazimika kuutangazia umma, na tangazo lazima liwaalike watu walete pingamizi. Usikae ukingoja likufikie barazani. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti na namba ya shamba la jirani, uulize kama ombi limeingia. Uharaka upo: kaunti ikinyamaza siku 60 bila kujibu, sheria inahesabu kwamba ruhusa imetolewa.

Barua yako isiwe ya kulalamika tu. Andika unalima nini, maji ya masika yanapita wapi, njia ya kwenda kisimani iko upande gani wa bikoni. Nakala yako igongwe muhuri. Kaunti ikiruhusu nawe hukuridhika, una siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nayo iko hapa hapa Malindi.

Wakianza kujenga bila ruhusa, adhabu ni faini hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote. Kwa muuza ploti hizo ni pesa za kuchezea, ndiyo maana nakuhimiza uwahi kabla ya msingi kuchimbwa.

Jirani yako usimchukie. Pengine ni karo. Hata eneo likitengwa rasmi kuwa la kilimo, haki yake ya kuuza haifi. Anayebanwa ni mnunuzi, atumie ardhi kwa kulima. Kutengwa huko hufanywa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kwa hivyo ukiwa pale ofisini omba uoneshwe ramani: Kakuyuni yenu imeandikwa nini, na mpaka wa manispaa umeishia wapi. Hilo la mpaka ni muhimu, kwani sheria ya bodi kwa kawaida hushika ardhi iliyo nje ya mji. Na usiende peke yako. Nendeni wenye mashamba yote yanayopakana na hizo ploti, kila mmoja na barua yake.